Mtoto wa Mbwa Hafundishwi Choo kwa Fimbo

Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hii nimeisikia ikitumiwa kuhalalisha mambo mengi, lakini sikutarajia kuisikia ikimhalalishia mtu mzima kumshika shingo mtoto wa mbwa wa wiki sita, kumsugua pua katika mkojo wake mwenyewe, kisha kumchapa kwa ndala hadi akimbilie chini ya kochi. Jambo hili si la nyumba moja. Katika mitaa ya Kampala ninayoifahamu, kuanzia Kireka hadi Bweyogerere, ndiyo njia inayojulikana. Ukimwuliza mtu alimfundishaje mbwa wake kutochafua nyumba, atakujibu kwa neno moja: "Nilimchapa."

Katika insha hii ninadai kwamba njia hiyo ni ya kikatili na, zaidi ya ukatili wake, haifanyi kazi. Najua wapo watakaouliza kwa nini mwanafunzi wa Kiswahili anapoteza karatasi kwa mkojo wa mbwa wakati wenzake wanaandika juu ya ushairi na sera za lugha. Jibu langu ni kwamba wengi wetu tunasomea ualimu. Namna mtu anavyomtendea kiumbe mdogo anayekosea kwa sababu bado hajaweza ni jambo linalotuhusu sana.

Tuanze na mwili wa mnyama mwenyewe. Mtoto wa mbwa anapozaliwa hawezi hata kukojoa peke yake. Mama yake humlamba tumboni na chini ya mkia ndipo mkojo utoke, na mama husafisha kila kitu kwa ulimi. Hali hii huendelea kwa takriban wiki tatu. Baada ya hapo watoto, wakiwa wameanza kutembea, husogea wenyewe mbali kidogo na mahali wanapolala kabla ya kukojoa. Hakuna anayewafundisha, ni silika yao kutochafua malazi. Maana yake ni kwamba mtoto wa mbwa anakuja kwetu akiwa tayari na nusu ya somo. Kinachobaki ni kumsaidia aelewe kwamba nyumba yote, na si kona yake ya kulala tu, ni malazi.

Kibofu chake, hata hivyo, ni kidogo, na misuli ya kukifunga bado ni dhaifu. Wanaofundisha mbwa hutumia kanuni rahisi ya kukadiria: mchana, mtoto wa mbwa anaweza kuzuia mkojo kwa saa zinazolingana na umri wake kwa miezi, au saa moja zaidi. Wa miezi miwili, basi, usimtarajie avumilie zaidi ya saa mbili au tatu. Tena kuna nyakati ambazo ni karibu lazima aende: akiamka, akimaliza kula na akimaliza kucheza. Sasa mtu anamfungia sebuleni saa kumi na mbili asubuhi, anakwenda kazini, anarudi saa moja jioni, anakuta dimbwi sakafuni, anachukua ndala. Hapo nani amekosa?

Watetezi wa fimbo hunijibu kwa hoja moja kubwa: "Babu zetu walifuga mbwa, waliwachapa, na mbwa wao hawakuchafua nyumba." Mjomba wangu huisema hoja hii kwa ufasaha kuliko wote. Namheshimu mjomba, lakini naomba tuitazame hoja yenyewe. Kijijini mbwa alizaliwa wapi? Alizaliwa nyuma ya jiko au chini ya ghala. Mlango haukuwa na kufuli mchana kutwa. Mama mbwa alitoka kwenda majanini na watoto wakamfuata. Sakafu ilikuwa udongo, na nje kulikuwa na udongo na majani hatua tano tu kutoka walipolala. Mbwa yule alijifunza kwa sababu ya mlango uliokuwa wazi na mama aliyetangulia. Fimbo ilikuwepo, ndiyo, lakini imejipa sifa isiyo yake.

Mjini tumeviondoa vyote viwili. Mtoto wa mbwa huuzwa akiwa na wiki nne au tano, ingawa anapaswa kukaa na mama yake hadi wiki ya nane. Tunamleta katika nyumba ya vigae, yenye ua wa saruji na geti linalofungwa kwa kuogopa wezi. Kati ya wiki ya saba na ya tisa ndipo mbwa huanza kuzoea aina ya sakafu anayoihisi chini ya miguu anapokwenda haja. Aliyezoea majani hutafuta majani, aliyezoea saruji hutafuta saruji. Sisi tunampa vigae peke yake katika wiki hizo hizo, kisha tunashangaa anapokojoa juu ya vigae. Kumchapa hapo ni kumwadhibu kwa kujifunza vizuri kile tulichomfundisha.

Hoja ya pili ni kwamba mbwa "anajua amekosa." Nimeambiwa mara nyingi: "Mtazame anavyoinamisha kichwa na kuficha mkia! Anajua!" Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz wa Chuo cha Barnard, New York, alichapisha matokeo ya jaribio alilolifanya kwa mbwa 14. Kila mwenye mbwa alimkataza mbwa wake asile kipande cha chakula, akatoka chumbani. Aliporudi aliambiwa kama mbwa amekula au hajala, lakini taarifa hiyo haikuwa ya kweli kila mara. Ikaonekana kwamba ule uso tunaouita wa hatia haukutegemea kosa. Ulitegemea kukaripiwa. Mbwa ambaye hakugusa chochote, akikaripiwa, aliinamisha kichwa vilevile. Kwa hiyo kichwa kile hakisemi "nimekosa." Kinasema "nakuogopa, tafadhali tulia."

Mbwa huunganisha jambo na matokeo yake yanapofuatana papo hapo. Zikipita dakika kumi, achilia mbali saa tatu, mkojo na kipigo kwake ni mambo mawili yasiyohusiana. Anachokiona ni mtu anayeingia mlangoni kwa hasira. Na hata ukimfumania katikati ya tendo ukampiga, hajifunzi kwamba mahali pale ni pabaya. Anajifunza kwamba kukojoa mbele yako ni hatari. Matokeo yake tunayaona kila siku: mbwa anapelekwa uani, anazunguka nusu saa bila kutoa hata tone, akirudi ndani anajificha nyuma ya kabati na kukojoa huko. Watu husema mbwa huyo ni mkaidi. Mimi nasema ametii somo alilopewa. Wengine, wakiwa waoga zaidi, hujikojolea kila mwenye nyumba anapowakaribia, kwa sababu mbwa mdogo huonyesha unyonge wake kwa njia hiyo. Hapo fimbo imekuwa chanzo cha mkojo.

Mambo hayaishii sakafuni. Jirani yetu mmoja alimfundisha mbwa wake kwa mguu na ufagio. Mbwa alipofika miezi saba alikuwa akiung'ata kila mkono unaoshuka kuelekea kichwani mwake, na mkono wa mwisho ulikuwa wa mtoto wa miaka minne aliyetaka kumpapasa. Mtoto alipelekwa kudungwa sindano za kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao dalili zake zikishaanza karibu hakuna anayepona. Mbwa alifungwa ndani ya gunia na kupelekwa nisikokujua. Hakuna aliyeuliza nani alimfundisha kuogopa mikono.

Sasa nieleze njia iliyo bora, nisije nikaambiwa nabomoa bila kujenga. Nyumbani kwa shangazi tulimlea mtoto wa mbwa kwa jina la Askari, na tulifanya hivi. Tulimtoa nje kila alipoamka, kila alipomaliza kula na kila alipomaliza kucheza, na vilevile kila baada ya saa moja na nusu mchana. Tulimpeleka mahali pamoja tu, kwenye majani karibu na mgomba wa nyuma. Alipomaliza, alisifiwa na kupewa kipande cha dagaa palepale, si baada ya kurudi jikoni, kwa kuwa jikoni angedhani anatuzwa kwa kuingia ndani. Usiku geti halifunguliwi mtaani kwetu, kwa hiyo tulitandika magazeti ya zamani karibu na mlango wa nyuma, na kila wiki tukayasogeza kuelekea nje. Aliponusanusa na kuzunguka ndani, tulimbeba haraka bila kelele. Alipochafua, tulisafisha na kunyamaza.

Kusafisha nako kuna elimu yake. Mbwa hurudi mahali anaponusa harufu yake. Dawa za kusafishia zenye amonia hazifai, kwa kuwa mkojo wenyewe una harufu ya namna hiyo, na mbwa anaweza kudhani amealikwa. Siki iliyochanganywa na maji hupunguza harufu. Sabuni ya unga ya kufulia yenye vimeng'enya huivunja vizuri zaidi. Kinyesi kiokotwe siku hiyohiyo na kuzikwa au kutupwa chooni, maana watoto wengi wa mbwa huzaliwa na minyoo waliyoipata kwa mama, na mayai ya minyoo hiyo hukaa udongoni ambamo watoto wetu hucheza. Dawa ya minyoo hutolewa tangu mbwa akiwa na wiki mbili.

Kuna jambo jingine ambalo mwanafunzi wa lugha hawezi kulinyamazia. Mbwa hujifunza neno endapo neno hilo halibadiliki. Katika nyumba yetu shangazi husema Kiganda, mjomba huamrisha kwa Kiingereza na watoto huchanganya. Tukakubaliana juu ya neno moja, "kojoa," kwa Kiswahili, linalotamkwa polepole pale kwenye mgomba. Baadhi ya wageni walicheka. Nchini Uganda wapo ambao bado wanakihesabu Kiswahili kuwa lugha ya askari na ya kutisha watu, ingawa Katiba ilikitambua kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005. Mbwa wetu hakuijua historia hiyo. Kwake Kiswahili kilikuwa sauti ya upole na kipande cha dagaa. Alipotimiza miezi mitano alikuwa akienda mwenyewe mlangoni na kusubiri.

Wapo wanaosema hawana nafasi ya kufanya haya yote. Hoja hii naielewa, kwa maana maisha ya mjini ni magumu. Lakini kama nyumba nzima hakuna mtu wa kumtoa mbwa nje mchana kwa wiki nane, basi nyumba hiyo haijawa tayari kufuga mtoto wa mbwa. Inaweza kuchukua mbwa mkubwa aliyekwisha zoea. Ukosefu wa nafasi wa mwenye nyumba haugeuki kuwa kosa la mnyama.

Wengine husema haya ni mambo ya Wazungu. Je, mlango ulio wazi wa kijijini ulikuwa wa Kizungu? Mama mbwa anayewaongoza wanawe majanini ni Mzungu? Tena suala hili lina ujirani ndani yake. Wengi wa majirani zetu Waislamu, kwa madhehebu ya Shafi, wanayahesabu mate ya mbwa kuwa najisi inayooshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mbwa anayejua mahali pake pa haja, na asiyezurura akichafua vizingiti vya watu, ni heshima kwao. Mbwa aliyefukuzwa nyumbani kwa kipigo ndiye anayezurura.

Narudi kwenye methali. Mchelea mwana kulia hulia yeye inahusu mwana anayeweza kutenda jema akakataa. Haimhusu asiyeweza bado. Tofauti hiyo ndiyo msingi wa ualimu wote. Katika shule niliyosoma tulichapwa kwa kushindwa kukumbuka upatanisho wa ngeli, kana kwamba ngeli huingia kwa njia ya makalio. Waliojifunza ngeli walijifunza kwa mazoezi. Wengi wa wengine walijifunza kukichukia Kiswahili, na leo wanatushangaa sisi tuliokichagua. Sheria ya Watoto ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2016 ilipiga marufuku adhabu ya viboko shuleni, lakini viboko bado vipo, kwa sababu wanaovishika wanaamini kwa dhati kwamba ndivyo vilivyowafundisha wao. Ni imani ileile ya mjomba kuhusu mbwa wa babu.

Kwa hiyo nawaomba wanafunzi wenzangu, hasa mtakaokuwa walimu, msiipitishe hoja hii bila kuiuliza maswali, iwe imesemwa juu ya mbwa au juu ya mtoto wa darasa la nne. Ulizeni: Anaweza tayari? Ameonyeshwa mahali? Adhabu na kosa vimefuatana kwa namna anayoweza kuielewa? Na yule anayetaka mlinzi wa nyumba lakini hataki kuamka mara moja usiku kumhudumia akiwa mdogo, namshauri aende dukani akanunue kufuli. Kufuli halikojoi.