UKUMBI WA VIJANA: Kupiga Picha Gereza la Kilwa



Mwaka jana nilitoka hapa kwetu Kiegei, nikapitia Nachingwea na Lindi hata Kilwa Masoko, nikapata kibali na kuvuka kwa mashua kwenda Kilwa Kisiwani. Mfukoni nilikuwa na kamera ndogo ya dijitali niliyoazimwa na shemeji. Nia yangu ilikuwa kuwaletea watoto picha za ile ngome iliyo ufukweni, iitwayo Gereza. Niliporudi, babu yao alizitazama zote, kisha akasema: "Wewe tumekuona. Ngome iko wapi?" Niliona haya, kwani kila picha ilijaa uso wangu.

Ngome hiyo Wareno waliijenga mwaka 1505 na kuihama mwaka 1512. Tuionayo leo ni khasa kazi ya Waomani wa zama za mwaka 1800 hivi, ya mawe ya matumbawe na chokaa, yenye minara ya duara katika pembe mbili. Upande wa baharini sehemu imekwisha anguka. Mwaka 2004 UNESCO iliyatia magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika orodha ya urithi ulio hatarini, yakatolewa mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya kutengeneza kuta na kuzuia mawimbi. Lakini bahari haijahama.

Basi mwezi uliopita nilirudi, nikaanza na upande huo wa maji. Nilikwenda asubuhi, jua likiwa chini, maana mwanga wa ubavuni huonyesha kila ufa, na jua la adhuhuri huufanya ukuta kuwa mweupe mtupu. Sikuvuta picha kwa kitufe; nilisogea kwa miguu yangu. Mwenzangu alisimama kando ya ukuta na kanzu yake, ili kimo kijulikane. Kisha nikagundua kwamba kamera, kwa kukaa bila betri, ilikuwa ikiandika mwaka 2008! Nusura niache ushahidi wa uongo. Kijana, sahihisha tarehe kwanza.

Babu ameridhika. Sasa auliza nitakwenda lini kupiga Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyetembelewa na Ibn Battuta mwaka 1331. Nimemjibu kwamba shemeji anaitaka kamera yake.