Kukunja Si Kuvunja
Kina mama wenzetu, sisi wa visiwani tulioolewa huku Singida tumechoka kuambiwa kuwa dawa ya mtoto mkorofi ni bakora. Ingekuwa dawa, Tanzania ingeshapona: utafiti wa taifa wa 2009 ulionyesha karibu robo tatu ya vijana walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kufika miaka 18.

Mtoto anagaragara kwenye foleni ya mashine ya alizeti, anapewa peremende, ananyamaza. Amelipwa. Kesho akirudia, anachapwa kwa tabia aliyofundishwa na huyo huyo anayemchapa.

Wataalamu wa tabia wanasema tutazame kilichotangulia na kilichofuata. Ana njaa? Amechoka kusubiri? Afundishwe kuomba kwa maneno, au kwa kunyoosha kidole kama hajaanza kusema. Akiomba vizuri, apewe na asifiwe papo hapo. Akipiga kelele, asipewe, wala asitukanwe.

Msituambie huo ni uzungu. Anas bin Malik alimtumikia Mtume (S.A.W.) miaka 10 tangu utotoni, hakuambiwa hata "ah". Samaki hukunjwa angali mbichi, ndiyo. Lakini kukunja si kuvunja.