Afya ya Familia: Upasuaji wa mtoto wa jicho hauishii hospitalini



Mzee aliyetolewa mtoto wa jicho hurudi kwake Mlalo au Mtae akiwa na furaha kubwa, maana ameziona tena sura za wajukuu. Lakini furaha hiyo yaweza kugeuka majonzi iwapo nyumbani hakuna wa kuzisimamia dawa zake.

Katika upasuaji huo daktari huitoa lenzi iliyoingia ukungu na kuweka ya bandia. Jicho, kama kiungo chochote kilichojeruhiwa, hupata mchochota: huwa jekundu, hutoa machozi na huumizwa na mwanga. Kwa siku chache za mwanzo hali hiyo, ikiwa ndogo, ni ya kawaida. Isipodhibitiwa, yaweza kupandisha presha ya jicho au kuvimbisha sehemu ya nyuma itupayo uoni wa wazi. Wenye kisukari wamo hatarini zaidi.

Ndiyo sababu mgonjwa hupewa matone ya steroidi, kwa kawaida kwa wiki nne hivi, yakipunguzwa hatua kwa hatua. Wengi, jicho likitulia baada ya wiki moja, huiweka chupa kando, na mchochota hurejea. Wala dawa iliyobaki asipewe jirani mwenye jicho jekundu, kwani steroidi ikitiwa penye kidonda au maambukizi huweza kulipofusha jicho.

Kijana mmoja wa nyumbani akabidhiwe kazi hii. Anawe mikono kwa sabuni, avute kope ya chini, adondoshe tone moja bila ncha ya chupa kuligusa jicho, kisha mzee afumbe kwa dakika moja au mbili. Dawa zikiwa mbili, zipishane dakika tano. Mzee akae mbali na moshi wa jikoni, asibebe kuni wala kushika jembe mpaka daktari amruhusu, na dawa za majani zisitiwe jichoni kabisa.

Daktari akikataza maji jichoni au kuinama, dini ina wepesi. Shekhe aulizwe namna ya kutawadha na kusali. Kuhusu saumu, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997, liliamua kwamba matone ya jicho hayabatilishi saumu, maadamu mtu hamezi kinachofika kooni. Basi Ramadhani isiwe sababu ya kukatiza dawa.

Maumivu yakizidi, uoni ukififia au usaha ukitoka, hiyo ni dharura. Tarehe ya kurudi kliniki isingojewe. Mgonjwa afikishwe hospitali ya wilaya, Lushoto, siku hiyo hiyo; ikilazimu atapewa rufaa kwenda Bombo, Tanga, au KCMC, Moshi. Kwa hiyo familia inapochangishana nauli ya kwenda kupasuliwa, itenge pia nauli ya safari hiyo ya pili.