Jaribio la mwisho haliokoi sentensi yenye utata

Kati ya watu wanaotengeneza programu za kompyuta, na zaidi kati ya wale wanaozilipia, imeota mizizi imani kwamba kujaribu programu ni kazi ya mwisho. Mteja aseme anachotaka, waandishi wa programu waandike, kisha mtu mmoja au wawili wakabidhiwe kazi iliyokwisha ili watafute makosa. Imani hiyo ina nduguye: kwamba maelekezo yakiwa na utata, kosa ni la mteja, na fundi amefanya wajibu wake akitimiza yale aliyoandikiwa. Zote mbili ni potofu. Madhara yake ni mazito zaidi mahali kama kusini mwa mkoa wa Maniema, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako programu huwasili Kasongo au Kabambare ikiwa imekwisha kufungwa Kinshasa au ng'ambo, na hitilafu ikijitokeza aliyeiandika hayupo karibu wa kuulizwa.

Jaribio ni swali ambalo jibu lake sahihi limekubaliwa kabla ya kuulizwa. Pasipo jibu hilo, mtu hajaribu chochote, anabonyeza vitufe tu. Anayepewa programu siku ya mwisho hupewa pamoja nayo namna mwandishi alivyoelewa maagizo, naye hupima kama programu inakwenda sawasawa na uelewa huo. Makosa ya kuandika atayakamata. Makosa ya kuelewa yatampita yote, kwa kuwa kipimo alichoshika mkononi kimekatwa kwa urefu ule ule wa kosa.

Nyangwe, huku huku Maniema, kwenye ukingo wa mashariki wa mto Lualaba, ina mfano wa kale wa jambo hili. Oktoba 1876 mvumbuzi Stanley alifanya mapatano na mfanyabiashara Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, amsindikize kutoka huku kushuka mto. Kwa maandishi ya Stanley, masharti yalikuwa miendo 60, kila mwendo wa saa nne, kwa dola 5,000. Tippu Tip, katika kitabu cha maisha yake alichokieleza kwa Kiswahili, alitaja dola 7,000. Msafara uliondoka Nyangwe tarehe 5 Novemba, ukaingia msituni, na huko saa nne za mwendo hazikufikisha watu mbali hata kidogo. Masharti yakajadiliwa upya njiani, na kabla mwaka haujaisha wawili hao wakaachana, miendo 60 ikiwa haijatimia. Mwendo ulikuwa umepimwa kwa saa, lakini hakuna aliyeuliza saa hizo ni za ardhi ya namna gani. Kila upande ulikuwa na maana yake, na msitu ndio uliofanya jaribio la kwanza, mamia ya watu wakiwa tayari ndani yake.

Kwa nchi ya Kongo ya leo, mfano mkubwa zaidi ni mashine ya kupigia kura. Sheria ya uchaguzi iliyotangazwa tarehe 24 Desemba 2017 ilikataza kura ya kielektroniki, iwe nusu au kamili, katika uchaguzi uliokuwa ukiandaliwa wakati huo. Tume ya uchaguzi, CENI, ikaagiza kutoka kampuni ya Miru Systems ya Korea Kusini mashine zinazokaribia 105,000. Mpiga kura hugusa kioo, huchagua picha ya mgombea, mashine huchapa karatasi, karatasi huingia sandukuni na kuhesabiwa kwa mkono. Je, hiyo ni kura ya nusu kielektroniki? CENI ilisema hapana: mashine inachapa tu. Wapinzani walisema ndiyo: anayechagua kwenye kioo ameshapiga kura kwa kielektroniki. Swali lilikuwa la maana, na hakuna mjaribu yeyote duniani, hata apewe mashine zote 105,000 na mwaka mzima, ambaye angeweza kulijibu kwa kuzibonyeza. Jibu lilitakiwa litoke kwa wenye mamlaka ya kufasiri sheria kabla mashine haijachorwa. Uchaguzi ulifanyika tarehe 30 Desemba 2018, na ubishi juu ya mashine ulikuwa haujakwisha.

Kenya ilipata yote mawili, kosa la kuandika na kosa la kuelewa, katika uchaguzi mmoja. Machi 2013 mfumo wa kutangaza matokeo ya awali ulionyesha kura zilizokataliwa zaidi ya 300,000. Tume ya uchaguzi ya Kenya ilieleza baadaye kwamba programu ilikuwa ikizizidisha mara nane. Hesabu ya mwisho ilikuwa 108,975. Hilo ni kosa ambalo jaribio la dakika kumi lingelifichua: ingiza kura 5 zilizokataliwa, tazama kama zinatoka 5. Lakini chini yake kulikuwa na utata mkubwa zaidi. Katiba inamtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa. Kura iliyokataliwa, je, imepigwa au haikupigwa? Uhuru Kenyatta alipewa asilimia 50.07 kwa hesabu iliyozijumuisha zile zilizokataliwa, akiivuka nusu kwa kura zaidi kidogo ya 8,000. Zikiondolewa, asilimia yake inapanda hadi 50.51. Mahakama ya Juu iliamua tarehe 30 Machi kwamba zisihesabiwe. Maana ya sentensi moja ya Katiba ilipatikana baada ya mamilioni ya watu kupiga kura na kurudi majumbani.

Atakayesema kwamba uchaguzi ni jambo la kipekee, lenye siasa nyingi mno, na atazame kazi ya kila mwezi isiyo na kelele: taarifa za afya. Mkuu wa kituo cha afya, yule ambaye Kongo nzima humwita titulaire, hujaza kila mwezi fomu ya SNIS, mfumo wa taifa wa taarifa za afya. Fomu hupelekwa ofisi kuu ya zone ya afya, na tarakimu zake huingizwa katika DHIS2, programu inayosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na kutumiwa na wizara za afya za nchi nyingi za Afrika. Maniema ina zone 18, zikiwamo Kasongo, Kunda, Samba, Kabambare, Lusangi na Saramabila. Kasongo hasa haikuanza jana kuhesabu: mradi wa afya ulioendeshwa hapo tangu miaka ya 1970 pamoja na Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp ulifuatilia chanjo ya surua na vifo vya watoto kwa uangalifu mkubwa, hata matokeo yake yakachapishwa mwaka 1981 katika jarida la Lancet na kujadiliwa na wataalamu wa nchi za mbali.

Sasa kisanduku cha surua kimeachwa kitupu. Kinasema nini? Kwamba hakuna mtoto aliyeugua mwezi huo, au kwamba titulaire hakupata nafasi ya kuhesabu, au kwamba daftari lililowa mvua? Katika DHIS2 sifuri haihifadhiwi mpaka aliyeipanga programu aagize, kwa kila kipengele cha takwimu, kwamba ihifadhiwe. Asipoagiza, aliyeandika 0 kwa uaminifu na aliyeacha kisanduku kitupu wanakuwa sawa ndani ya hifadhi ya takwimu. Programu haijaharibika, na kila kitufe kinafanya kazi. Mjaribu wa siku ya mwisho ataweka alama ya vyema mstari kwa mstari, na mganga mkuu wa zone atabaki hajui kama kijiji kimenyamaza kwa sababu kina afya au kwa sababu kimeshindwa kusema.

Utata wa aina hiyo umejaa ndani ya fomu ile ile. "Chini ya miaka 5" inamhesabu vipi mtoto anayetimiza miaka mitano siku anayoletwa? Vipi yule ambaye mama yake anajua tu kwamba alizaliwa wakati wa mavuno ya mpunga? "Mgonjwa mpya" wa malaria ni nani, ikiwa mtoto aliyetibiwa amerudi baada ya siku kumi na homa ile ile? Na watu waliokimbia vita huko Kabambare wakafika zone nyingine, watoto wao wakichanjwa wanahesabiwa wapi? Hapo mwisho ndipo uzembe wa timu unapogeuka kuwa uongo wa takwimu. Waliochanjwa wakiwa wengi kuliko idadi ya watoto iliyokadiriwa, kiwango cha chanjo kinapita asilimia 100. Mwandishi wa programu aliye Kinshasa, asiyewahi kuambiwa habari za wakimbizi, huona jambo lisilowezekana na kuweka kizuizi: mfumo ukatae chochote kinachozidi 100. Mwingizaji wa takwimu, akikataliwa mara tatu na muda wa kutuma umekaribia, atapunguza tarakimu mpaka ikubalike. Kila mtu ametii maagizo yake. Watoto waliochanjwa kweli wamefutwa, na kizuizi chenyewe kilijaribiwa kikaonekana kinafanya kazi vizuri sana.

Mkakati unaofaa huanza siku sentensi ya kwanza ya maagizo inapoandikwa. Wakae pamoja watu watatu angalau: anayeijua kazi yenyewe, atakayeandika programu na atakayeijaribu. Wasijadili maneno matupu, wajadili mifano yenye tarakimu. Kituo kimeandika 0 penye surua: mfumo uonyeshe 0, na taarifa ihesabiwe kuwa kamili. Kituo hakikuandika kitu: mfumo uonyeshe kwamba haijulikani, umkumbushe mkuu wa kituo. Mtoto ana miezi 59, mtoto ana miezi 60, mtoto hana tarehe: kila mmoja awekwe mahali pake mezani kabla hajawekwa kwenye programu. Titulaire ambaye angeshindwa kusoma kurasa 40 za maelezo ya kitaalamu atasahihisha mfano wa mistari mitatu bila shida, na mara nyingi atataja hali ambayo wale wengine wawili hawakuiota. Mifano hiyo hiyo ndiyo majaribio. Huandikwa kwa namna ambayo kompyuta inaweza kuyarudia yenyewe kila programu inapobadilishwa, na kesi ya miezi 59 na 60 hulindwa hata baada ya waliokaa mezani kuhamia kazi nyingine.

Palipokosekana jibu, timu iandike swali hilo waziwazi, pamoja na jina la mwenye kulijibu na tarehe ya mwisho ya kulijibu. Wakati wa kungoja, ichaguliwe dhana ambayo ni rahisi kuigeuza baadaye, nayo iandikwe mahali ambapo wote wanaiona. Dhana iliyofichwa kichwani mwa mwandishi mmoja ni hatari kuliko swali lililobaki wazi.

Tena, majaribio hayagawanywi sawasawa. Ya kanuni za hesabu yawe mengi, kwa sababu huisha ndani ya sekunde chache. Ya skrini nzima yawe machache. Jaribio la mahali halisi lisikatwe kamwe, hata bajeti ikibana, kwa sababu kuna maswali yanayojibiwa na mahali peke yake. Desemba 20, 2023, Kongo ilipopiga kura tena, vituo vingi vilichelewa kufunguliwa, waangalizi wakaripoti mashine zilizogoma na betri zilizoisha, na CENI ikaongeza muda hadi siku ya pili. Maandishi ya kadi nyingi za mpiga kura yalikuwa yamefifia hata kutosomeka. Uandikishaji wa wapiga kura ulianza tarehe 24 Desemba 2022, na kadi hiyo ndiyo ambayo Wakongo wengi hujitambulishia kila siku. Agizo kwamba kadi isomeke halijakamilika mpaka liseme isomeke kwa muda gani na mfukoni mwa nani. Mkulima anayeibeba shambani kwa miezi kumi, katika jasho na mvua, ni sehemu ya agizo hilo.

Hoja za kupinga haya zinajulikana. Husemwa kwamba mteja hajui anachotaka. Anajua, ila hutambua akionyeshwa mfano, na wanaomlaumu ni wale ambao hawajamwonyesha. Husemwa kwamba muda hautoshi. Lakini saa mbili za kukaa na titulaire ni chache mbele ya miezi ya kusafisha takwimu za zone 18. Hoja yenye uzito ni moja: utata mwingine timu haina mamlaka ya kuumaliza, kama ule wa sheria ya 2017 au wa Katiba ya Kenya. Ni kweli. Hata hivyo timu inaweza kuuona mapema, kuuweka katika mfano mmoja usiokwepeka, na kuufikisha kwa mbunge, waziri au jaji wakati jibu bado linaweza kubadilisha kitu. Fundi anayeuona utata akanyamaza kwa sababu mkataba haukumwagiza aseme anashiriki katika lawama.

Wizara, serikali ya mkoa na mashirika yanayoleta tableti na programu Kasongo na Kabambare wanaombwa waandike mambo mawili katika kila mkataba: kwamba mifano ya kazi itungwe na kukubaliwa pamoja na watumiaji wa huku kabla ya programu kuandikwa, na kwamba jaribio la mwisho lifanyike kwenye vituo vya huku, kwa umeme wa huku na mtandao wa huku. Mkataba usiotaja hayo mawili haustahili kutiwa sahihi.