Mwinyi Mkuu Hakuwa Kikaragosi

Mimi ni mkaazi wa Chukwani. Huku ndiko Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, alikojenga moja ya majumba yake ya mapumziko, na huku huku ndiko linakokutana Baraza la Wawakilishi. Habari za watawala basi hazinipiti mbali. Hata hivyo, nilipowachukua wajukuu zangu kwenda Dunga kutazama jumba la Mwinyi Mkuu, nilirudi na kinyongo.

Mtembeza wageni alilieleza jumba lile kwa mambo mawili tu: watumwa waliochinjwa ati damu yao ikakorogewe chokaa, na kwamba mwenye jumba alikuwa kikaragosi cha Sultani. Hadithi ya damu naiacha, inajiuza yenyewe. Hili la pili nililisikia nikiwa skuli, na mpaka leo lasemwa na watu wazima wenye shahada zao.

Kikaragosi gani, jamani? Mwaka 1503 Mreno Ruy Lourenço Ravasco alizuia vyombo vya watu mbele ya Unguja, akaondoka na ahadi ya mithkali 100 za dhahabu kila mwaka. Mwishoni mwa karne ya 17 Malkia Fatuma alishikamana na hao hao Wareno. Ngome ya Mombasa ilipoanguka mwaka 1698 Waomani walimhamishia Oman, akakaa huko miaka, kisha akarudi kwao. Akaja Sayyid Said na merikebu zake, na bado alimkuta Mwinyi Mkuu. Wageni wakipokezana, kiti kikabaki.

Kwa nini Sayyid Said hakukiondoa? Kwa sababu kodi ya Wahadimu ilipita mkononi mwa mtu wao. Wazee husimulia pia kwamba Mwinyi Mkuu alipofungwa mvua iligoma, ikabidi aombwe radhi. Amini usiamini; ninachokiona mimi ni kwamba watu walijua nani anahitajiwa na nani. Si jambo la Unguja peke yake. Warumi walimwacha Herode awe mfalme Yerusalemu tangu 37 K.K., kwa kuwa mfalme wa pale pale ni rahisi kuliko kambi ya askari katika kila kijiji.

Sasa msomaji asidhani namsafisha mzee wa Dunga. Ndiyo maana hasa nalikataa neno kikaragosi. Kikaragosi hakiulizwi kitu, kinachezeshwa. Mwinyi Mkuu alifanya mapatano, akala fungu lake, akajenga jumba la mawe katikati ya karne ya 19. Wakati huo huo ardhi nzuri ya magharibi na kati ilikuwa ikigeuka mashamba ya karafuu yenye wenyewe wapya, na Wahadimu wengi wakabaki kusini na mashariki, kwenye mawe, ambako muhogo wenyewe huota kwa kubembelezwa. Nao ndio waliotoa kodi, na nguvu zao juu yake. Tukisema yule alikuwa kikaragosi, basi hakuna mwenyeji aliyekubali lolote, na hesabu yote ya ardhi tunamwandikia mgeni peke yake. Ni raha kuamini hivyo. Mimi nimeiamini miaka mingi, kwani mama yangu ni mtu wa Makunduchi na jambo hili lilinifaa.

Muhammad bin Ahmed alikufa mwaka 1865. Mwanawe Ahmed alikufa kwa ndui mwaka 1873, na hakuwekwa mwengine. Barghash hakuwa tena na haja ya mtu wa kati.

Kutoka Dunga tulipitia Makunduchi kuwaamkia wazee. Mjukuu wangu wa kike akauliza mbona kwa kina bibi hakuna mkarafuu hata mmoja. Nikamwambia mkarafuu hautaki mawe. Akauliza nani aliyewaacha kwenye mawe. Nikamtajia majina mawili, la Sayyid Said na la Mwinyi Mkuu, na shangazi yangu akanitazama kwa jicho baya mpaka tunaaga.