Mashujaa wa Newala: Medali wanazo, tiba iko mbali

KILA ifikapo Julai 25 taifa husimama kwa dakika chache. Mkuki na ngao, sime, upinde na mishale huwekwa kwenye mnara pamoja na mashada ya maua, tarumbeta hulia, kisha viongozi hurejea ofisini. Mkoani Mtwara heshima hiyo ina mahali pake: makaburi ya Naliendele, walikolazwa askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) waliopoteza maisha kwa ajili ya Msumbiji.

Waliolala Naliendele hawahitaji tena dawa ya shinikizo la damu. Wanaoihitaji ni wale waliorudi hai, wakashika jembe na kupalilia mikorosho, na ambao leo ni wazee. Hao ndio ambao mipango ya nchi haijawatafuta kwa bidii.

Newala ni mfano mzuri wa tatizo hilo. Mji huo, ulio ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde na kutazama bonde la Mto Ruvuma, haujawahi kuwa mbali na vita. Mwaka 1916 majeshi ya Ureno yalivuka mto na kuuteka mwezi Oktoba, yakatimuliwa na Wajerumani mwezi uliofuata. Kuanzia 1964 hadi 1974 Frelimo ilipigana na Wareno ng'ambo ya mto huo huo, na vijiji vya mpakani viliishi na wakimbizi, majeruhi na hofu. Iddi Amin alipoivamia Kagera Oktoba 1978, mikoa yote, hata hii ya kusini kabisa, ilitakiwa kutoa watu. Katika miezi michache jeshi lilipanuka hadi kuzidi watu 100,000, wakiwamo askari wa Polisi, Magereza, Jeshi la Kujenga Taifa na maelfu ya wanamgambo kutoka vijijini.

Vita ilipokwisha mwaka 1979, mwanajeshi wa kudumu alirudi kambini na kuendelea kuhesabu miaka ya utumishi. Mwanamgambo alirudi shambani. Wa kwanza alipostaafu aliingia katika orodha ya pensheni ya Hazina. Wa pili hakuingia katika orodha yoyote yenye malipo ya kila mwezi. Risasi za Uganda hazikuwabagua wawili hao, lakini karatasi ziliwatenganisha.

Pensheni yenyewe si utajiri. Kima cha chini kwa wastaafu wanaolipwa na Hazina kilikuwa Sh 50,114 kwa mwezi hadi mwaka 2015 kilipofikishwa Sh 100,125, tena baada ya malalamiko ya miaka mingi. Ila mwenye pensheni ana namba, na mwenye namba anaweza kudai. Mtu aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 sasa amevuka 65. Kama kumbukumbu pekee aliyo nayo ni kovu na majina ya wenzake, atadai kwa lipi?

Historia ina mkasa mmoja unaofaa kukumbukwa hapa. Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi lilikubali kuwalipa askari wazee wa Tanganyika waliopigania Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza. Wazee wakakusanyika Mwanza, wengi wao bila hati yoyote. Inasimuliwa kwamba ofisa aliyepeleka fedha alimpa kila mmoja ufagio badala ya bunduki, akamwamuru kwa Kijerumani afanye gwaride. Hakuna aliyeshindwa. Kwa maneno mengine, penye nia ya kulipa, ushahidi hupatikana.

Hata Uingereza, mkoloni aliyefuata, ilitangaza mwaka 2018 karibu pauni milioni 12 ili wanajeshi wake wa zamani katika nchi za Jumuiya ya Madola, pamoja na wajane wao, wapate angalau milo miwili kwa siku. Ni jambo la kushangaza kidogo kwamba mzee aliyepigana Burma kwa ajili ya Mfalme anaweza kutafutwa kutoka London, na aliyepigana Kagera kwa ajili ya nchi yake asijulikane katika halmashauri anayoishi.

Kwa upande wa tiba, tatizo ni umbali. Hospitali Kuu ya Jeshi iko Lugalo, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka Newala. Mstaafu mwenye mguu uliovunjika vitani hawezi kupanda basi hadi huko kila goti linapouma. Hivyo huishia hospitali ya wilaya, au akiwa na nauli, Mkomaindo mjini Masasi, Ndanda kwa wamisionari, au Mtwara mjini. Huko kote hupokewa kama mzee mwingine yeyote. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inaahidi matibabu bila malipo kwa wazee wasio na uwezo, lakini kila anayepanga foleni hospitalini anajua kwamba kumwona daktari bure si sawa na kupata dawa bure.

Majeraha ya akili ndiyo yaliyosahaulika kuliko yote. Hospitali ya Mirembe, inayotegemewa na taifa kwa magonjwa hayo, iko Dodoma. Kijijini, mtu anayeshtuka usiku, anayekunywa kupita kiasi au anayewapiga wanawe bila sababu huambiwa amechanganyikiwa, pengine amerogwa, na ndugu humpeleka kwa mganga. Ni nadra mtu kuuliza alikuwa wapi mwaka 1979.

Mzigo huo huubeba mke. Ndiye anayemwogesha, ndiye anayeficha panga, ndiye anayeteka maji katika uwanda ambao maji yake hutoka mabondeni. Mume akifa, malipo yaliyobaki hudai barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Kwa Wamakonde, ambao kwa asili hufuata ukoo wa mama, wajomba na wapwa nao wana neno lao katika mali ya marehemu. Mjane asiyejua kusoma anaweza kuchoka kabla hakimu hajaketi.

Na foleni inaongezeka. Tangu mwaka 2021 askari wa Tanzania wamepelekwa Cabo Delgado, ikiwamo Wilaya ya Nangade, iliyo ng'ambo tu ya Ruvuma. Wengine wamepoteza maisha katika ulinzi wa amani Kongo, ambako Desemba 2017 shambulio moja la Semuliki liliua askari wasiopungua 14. Wenzao walionusurika nao watastaafu.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa mwaka 2023, inaweka utaratibu wa kuwagharamia wasio na uwezo. Lakini asiye na uwezo lazima kwanza atambuliwe na kuandikwa. Muungano wa Wanajeshi Wastaafu Tanzania (MUWAWATA) unaweza kuwatambua waliokuwa jeshini. Kwa wanamgambo, wenye kumbukumbu ni watendaji wa vijiji na wazee wenzao, waliopanda malori pamoja nao mwaka 1978, na hao wanapungua kila msimu wa korosho.