Mguu Usiouma Ndio wa Kulindwa

Kuruta afikapo mafunzoni, jambo la kwanza afundishwalo ni kustahimili. Huenda mwendo mrefu, malengelenge yakamtoka nyayoni, naye asiseme neno. Sisi tuvaao sare twaiheshimu tabia hiyo, kwani jeshi halijengwi na walalamishi. Lakini upo ugonjwa mmoja unaoigeuza sifa hiyo kuwa mtego, nao ni kisukari.

Sukari ikizidi katika damu kwa miaka mingi huidhoofisha mishipa ya fahamu ya miguuni, na mishipa ya damu nayo huwa myembamba. Hapo mguu hufa ganzi. Mwenye mguu huo hukanyaga msumari asijue, buti humchubua asihisi. Na kwa kuwa damu haifiki ya kutosha, jeraha dogo hukawia kupona, hata likaoza. Waganga wameona kwamba katika kila miguu 100 inayokatwa kwa ajili ya kisukari, takriban 85 ilianza na kidonda. Basi mgonjwa anayejisifu kwamba haumwi huenda ndiye aliye hatarini zaidi. Mguu wake ni mfano wa mlinzi aliyelala lindoni: kimya kipo, usalama haupo.

Hapa Rusizi, ambako wengi wetu bado twapaita Cyangugu, mambo ya kuudhuru mguu ni mengi. Doria kandokando ya mto hulowesha buti na soksi. Katika joto la bonde la Bugarama nyayo hutoka jasho kutwa, na jamaa zetu walimao mpunga huingia majini miguu mitupu. Tena tangu zamani watu waliyaendea maji ya moto ya Mashyuza wakitafuta nafuu ya viungo. Mwenye ganzi asijaribu kutumbukiza miguu katika maji ya namna hiyo, wala asiote moto kwa nyayo, kwani ataungua bila kujua.

Rai yetu ni kwamba mgonjwa aukague mguu wake kila siku kama askari aikaguavyo silaha yake. Jioni auoshe kwa maji ya uvuguvugu aliyoyapima kwa kiwiko, aukaushe vema, hasa baina ya vidole. Atazame juu, chini na kisigino. Asipoweza kuuona wayo, atumie kioo au amwombe mwenzake. Apake mafuta ngozi iliyokauka, lakini si baina ya vidole. Kucha azikate kwa unyoofu, asichimbe pembeni. Sugu asizikate kwa wembe. Kabla ya kuvaa kiatu atie mkono ndani, apapase kama mna kijiwe. Soksi ziwe kavu na safi, na buti jipya alizoee kidogo kidogo. Asitembee peku, hata nyumbani. Sigara aiache, maana nayo huziba njia ya damu. Akiona lengelenge, wekundu, uvimbe, usaha au weusi, aende kwa mganga siku hiyo hiyo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Neno letu la mwisho ni kwa wakuu wa vikosi na vituo vya polisi. Wapo askari wanaoficha kisukari kwa kuogopa kuchekwa au kudhaniwa hawafai tena kazini. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini amfanyaye mwenzake aogope kusema naye anayo sehemu ya lawama. Sajini akisikia askari aliyepatwa na kisukari anaomba soksi kavu, asimwite mzembe. Akiomba ruhusa ya kwenda kutazamwa mguu, apewe bila masimango. Ruhusa ya asubuhi moja ni gharama ndogo mno ikilinganishwa na askari aliyepoteza mguu na jamaa inayomtegemea.

Tuendapo likizo tuwakague na wazee wetu, kwani wao pia hunyamaza. Kituo cha afya kipo karibu, na hospitali za Gihundwe na Mibilizi zipo humu humu wilayani. Ushujaa wa kustahimili tuuweke mahali pake: kwenye mwendo na kwenye zamu ya usiku. Mbele ya mguu wenye ganzi, ushujaa ni kuvua buti, kutazama, na kusema.